Mchumba wa kuazima wa Desemba
Desemba Wachagga wanapanda Moshi, na swali la shangazi tunalijua: "Mwenzio yuko wapi?" Ukienda na mchumba wa kuazima, yaani rafiki anayejifanya mwenzi wako, kubalianeni kabla ya basi kuondoka: mlikutana wapi, nani analipa nauli, mnaachana lini. Hilo la mwisho ndilo watu husahau.

Kushikana mikono mbele ya wazee si hatari sana. Hatari ni mazoezi. Mkiulizana utoto na hofu zenu ili maelezo yafanane, mnarudia jaribio la mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake la 1997: maswali 36, dakika 45, watu wasiojuana wakatoka wamekaribiana. Ukijikuta unamwekea nyama laini ya mtori (supu ya ndizi na nyama) na hakuna anayetazama, mwambie usiku huohuo kwamba umeanza kumpenda, kabla wazee hawajaanza kutaja mbege, pombe ya ndizi, ya posa.