Chambua dakika mbili tu, kwa penseli na rula

Mpe mwanafunzi filamu nzima aichambue, atakuletea kisa: nani alimpenda nani, nani akafa, mwisho ukawaje. Hapo wa kulaumiwa ni swali, si mwanafunzi. Mpe kipande cha dakika mbili na karatasi ya kuchorea. Kwa walimu wa Lamu wanaoandaa mradi wa sanaa wa muhula, au kazi ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, msimamo wangu ni kwamba uchambuzi uanzie mkononi. Anayechora fremu, yaani picha moja ya filamu iliyosimamishwa, hana budi kuitazama.

Karatasi ya A4 iliyosimama inabeba visanduku 8 vya kuchorea fremu, viwili kwa upana na vinne kwenda chini, kila kimoja sentimita 8 kwa 4.5. Huo ndio uwiano wa 16 kwa 9 wa video ya simu iliyolazwa. Chini ya kila kisanduku acha sentimita 2 za maelezo. Wengi huchora visanduku vya mraba kwa kuwa ni vyepesi, na hapo mpangilio wote unaharibika: mtu aliyewekwa pembeni kwa makusudi anajikuta katikati.

Kipande kitazamwe mara tatu. Kwanza bila sauti, wanafunzi wakigonga meza kila picha inapokatwa. Pili geuza skrini ukutani, wasikilize tu. Tatu vyote pamoja, ukisimamisha kila shoti, yaani kipande kati ya mkato na mkato, wachore. Watu wa vijiti wanatosha. Kinachotakiwa ni mtu yuko wapi ndani ya fremu, mwanga unatoka upande gani, na kamera iko juu au chini ya macho yake. Kisha weka sharti: hakuna dai bila sekunde. "Mama ana huzuni" lirudishwe. "Sekunde ya 14 hadi ya 20 nusu ya uso wake iko gizani, na watoto wanasikika wakicheza nje" lipokewe.

Kabla ya kupiga filamu yao, wafanye jaribio la Lev Kuleshov, mwalimu wa sinema wa Urusi aliyeonyesha karne moja hivi iliyopita kwamba uso uleule hubadilika maana kwa picha inayoufuata. Piga uso wa mwanafunzi mmoja, mkavu usioonyesha hisia, sekunde 5. Piga sinia ya pilau, kaburi, na mtoto anayecheza, sekunde 3 kila kimoja. Unganisha uso na sinia, uso na kaburi, uso na mtoto, kila jozi iwe faili lake. Makosa ni mawili. La kwanza, kuupiga uso upya kwa kila jozi. Mwanafunzi ataigiza bila kujijua, na jaribio limekwisha. Nakili kipande kilekile. La pili, kuonyesha jozi zote kwa kundi moja, ambalo litaugundua mchezo. Tafuta makundi matatu, kila moja lione jozi moja na kuandika uso unahisi nini kabla ya kuzungumza.

Sasa vichochoro. Mhusika anatoka mtaa wa Mkomani kwenda mtaa wa Langoni kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Anaelekea kusini, kwa hiyo bahari iko kushoto kwake. Ukisimama upande wa bahari, atapita kwenye skrini akielekea kushoto. Shoti inayofuata ukihamia upande wa pili, ataelekea kulia, na mtazamaji ataapa kwamba amegeuka kurudi alikotoka. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi katika filamu za wanafunzi, na uhariri hauliponyi vizuri, kwa sababu ukiigeuza picha kama kwenye kioo, maandishi ya ukutani yanasomeka kinyume. Chagua upande mmoja ubaki nao. Ukilazimika kuvuka, weka katikati shoti ya mhusika akija moja kwa moja mbele ya kamera. Hiyo haina kushoto wala kulia.

Kichochoro chembamba hakikupi nafasi ya kurudi nyuma umpate mtu mzima. Omba ruhusa ya mwenye nyumba uingie kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, upige kutoka ndani kwenda nje: unapata hatua kadhaa za ziada, na kuta za daka zinakuwa fremu ndani ya fremu. Ruhusa iombwe pia kwa yeyote anayetambulika, hasa kina mama wanaopita. Asiyetaka, kamera ishushwe, na pasiwe na mjadala.

Saa sita mchana usipige. Jua liko utosini, sehemu ya juu ya ukuta inawaka na uso wa mtu unakuwa mweusi. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, na ubonyeze kwa muda mrefu uso wa mhusika kwenye skrini mpaka simu ifunge kiwango cha mwanga kisibadilike. Usipokifunga, punda mweupe akipita simu itatia giza fremu nzima.

Sauti ndiyo inayoangusha kazi nyingi kuliko picha. Kando ya bahari, kusi likivuma, maikrofoni ya simu hunasa upepo tu. Simu ya pili iwekwe kifuani mwa mwigizaji chini ya nguo, irekodi sauti peke yake, na kila shoti ianze kwa kupiga makofi mara moja mbele ya kamera ili mhariri alinganishe sauti na picha. Kila mahali rekodi pia dakika moja ya kimya cha pale pale, ya kuziba matundu kwenye mikato. Angalia nyakati za sala kabla ya kupanga ratiba, maana adhana ikiingia katikati ya mazungumzo hukati tena bila kusikika.

Bango la filamu lichapwe kwa mkono. Nyayo za ndara zinazotupwa ufuoni ni muhuri mzuri: osha chumvi, kausha, chora, kata kwa wembe kina cha milimita 3 hivi. Herufi zikatwe kinyume. Rangi ya maji iwe nzito, ipakwe kwa sponji kidogo kidogo. Ikizidi inajaa kwenye mikato na nakshi haionekani. Jaribu kwanza kwenye gazeti, ndipo uhamie kwenye manila.