Gari limekaa kitako

Jumamosi moja ya Januari nilishuka ngazi saa kumi na moja alfajiri nimebeba sufuria mbili kubwa za pilau, miiko, na mfuko wa mchele wa kilo 20. Safari ilikuwa ya Hamburg, huku Ujerumani ninakoishi, kwenye hitima ya baba wa mwenzetu aliyefia nyumbani Pangani. Theluji ilikuwa nyepesi tu. Taa ya barabarani ilimulika ubavu wa gari langu, nikasimama palepale na mzigo mkononi. Mbele gari lilikuwa limesimama kama siku zote, lakini nyuma lilikuwa limekaa kitako. Tairi ya kulia ilikuwa imemezwa na madigadi, hata kidole hakipenyi.

Nilipofungua mlango, chini ya sakafu ya buti kitu kikaanza kunguruma. Gari likanyanyuka taratibu, kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, na baada ya dakika mbili hivi likawa limenyooka. Nikashukuru Mungu, nikapakia. Kutoka hapa Gelsenkirchen mpaka Hamburg ni kama kilomita 350, karibu sawa na Tanga mpaka Dar es Salaam, na tulikwenda na kurudi salama. Kosa langu lilianzia hapo. Niliona gari limepona, kumbe lilikuwa linatumia nguvu zake za mwisho kunificha ugonjwa.

Gari lenyewe ni BMW Series 5, stesheni wagon, bodi ya E61 iliyotengenezwa kati ya 2004 na 2010. Langu ni la 2008. Nililinunua kwa sababu ya buti. Watu wetu wa huku tumetawanyika, huyu Essen, yule Dortmund, mwingine Köln, na kila penye harusi au msiba lazima awepo mtu wa kubeba sufuria, majiko na viti. Kwa miaka minne mtu huyo nimekuwa mimi, na ninaipenda kazi hiyo kwa moyo wote.

Kwa ambaye hajawahi kuwa na gari la namna hii, nieleze kidogo. Mbele lina springi za chuma kama magari tuliyozoea. Nyuma halina springi. Kila upande umekaa juu ya baluni la mpira lililojazwa upepo, na shokapu imefungwa pembeni peke yake. Kuna sensa, yaani vihisi, zinazopima gari limekwenda chini kiasi gani. Ukipakia mifuko minne ya mchele, sensa zinaona nyuma imeshuka, kompyuta inaamuru kompresa, yaani pampu ya upepo, ijaze upepo, na gari linarudi kimo chake. Ukishusha mzigo, upepo unatolewa. Faida yake unaiona usiku: gari lililolemewa nyuma huinua pua, taa zikawapiga wenzako machoni, lakini hili linabaki limenyooka hata likijaa. Kompresa imefichwa kwenye shimo chini ya sakafu ya buti. Ndiyo niliyoisikia ikinguruma alfajiri ile.

Mwezi wa pili gari lilikaa kitako mara tatu, kisha siku moja likakataa kabisa kunyanyuka. Nikalipeleka gereji. Sitaitaja, na wala sina kinyongo nao kama watu. Waliunganisha mashine ya kupima, ikasoma kosa la kompresa, wakabadilisha kompresa. Na kweli ilikuwa imekufa, hawakunidanganya hata kidogo. Nikalipa euro 780, fedha niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya karo ya mdogo wangu, nikaondoka na gari lililosimama vizuri.

Wiki saba baadaye likakaa tena.

Nilikaa kwenye ukingo wa buti nikiwa na sare za kazi, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya uuguzi, nikampigia mjomba. Mjomba ni fundi wa mabasi Tanga, Ngamiani. Kwa zaidi ya miaka ishirini mikono yake imekuwa chini ya mabasi, na mabasi makubwa ya siku hizi nayo yanatembelea upepo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, za huko kwenye baridi?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza pale gereji.

"Usiku linashuka upande mmoja au pande zote mbili?"

"Upande wa kulia, mjomba. Wa kushoto unafuata baadaye."

"Basi kompresa haina kosa. Hiyo ni punda wa mizigo tu. Una ndoo imetoboka, wewe unabadilisha mtu wa kuteka maji. Katafute tundu."

Maneno hayo yanastahili kubandikwa ukutani kwenye kila gereji inayopokea magari ya upepo. Kompresa ya gari dogo haikuundwa kufanya kazi mfululizo. Imeundwa iwake kidogo, ijaze, inyamaze. Baluni likivuja, kompresa inawaka kila unapofungua mlango na kila unapoendesha, inapata joto, kompyuta inaizima ipoe, inawashwa tena, mpaka siku inaungua. Mashine ya kupima itakuonyesha kompresa kwa sababu ndiyo iliyoungua. Tundu kwenye mpira halina waya, mashine haiwezi kulisoma. Anayeweza kuligundua ni mtu mwenye masikio, na povu.

Mjomba aliniagiza nisubiri usiku wenyewe, barabara ikinyamaza. Nikapaki kando ya ukuta wa banda la jirani yangu, mzee Mturuki ambaye ujana wake wote aliumalizia chini ya ardhi kwenye migodi ya makaa. (Mgodi wa mwisho wa hapa, ule wa Bottrop, ulifungwa mwaka 2018.) Alinikuta nimelala kifudifudi kwenye kipande cha boksi, sikio karibu na tairi, akadhani nimeanguka. Nilipomweleza, akaingia ndani akatoka na tochi ya kichwani na chupa ya kupulizia dirisha. Tukachanganya maji na sabuni ya vyombo.

Tulipuliza kwanza kwenye mrija wa upepo, kukawa kimya. Tukapuliza juu ya baluni, kimya. Kisha mzee akaelekeza tochi chini zaidi, pale mpira unapojikunja kuingia ndani yake wenyewe kama shingo ya soksi. Nikapuliza. Kwa sekunde kadhaa hakukuwa na kitu. Halafu mapovu madogo yakaanza kuchipuka kwenye mstari, moja, mbili, kumi, meupe, yanakua na kupasuka na kukua tena, mfano wa maziwa yanayokaribia kufoka. Nilihisi koo limenikaba. Euro 780 zilikuwa zimepita mbele ya mapovu yale.

Upande wa kushoto nao ulikuwa na mapovu, machache zaidi. Mpira ni wa umri mmoja, umepita baridi zile zile na chumvi ile ile. Huku wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo huchanganyika na matope na mchanga na kuingia kwenye ule mkunjo. Kila gari linaporuka, mpira unasagwa. Sisi watu wa Tanga tunajua chumvi ya bahari inavyokula bati, lakini hii ya barabarani inakula kutoka chini, pasipoonekana. Kwa hiyo hata kama linalovuja ni moja, nunua mawili. Kuweka jipya kulia na kuacha la zamani kushoto ni kuiandalia kompresa mpya kifo cha ile ya kwanza.

Kuna watu walinishauri niondoe mfumo wote wa upepo, niweke springi za chuma, nimalize habari. Ni wazo linaloeleweka, na vifaa vyake vinauzwa. Lakini Ujerumani huwezi kugeuza kitu kama hicho kimyakimya. Lazima springi ziwe na hati zake, mkaguzi ayaone mabadiliko na yaandikwe kwenye karatasi za gari. Ukifika kwenye ukaguzi wa lazima wa kila miaka 2, ule ambao kila mtu hapa anauita TÜV tu, bila hati hizo unarudishwa. Isitoshe nililinunua gari hili libebe mzigo likiwa limenyooka. Nikaamua libaki kama lilivyozaliwa.

Mabaluni mawili ya kampuni nyingine, mapya, yalinigharimu euro 290. Kazi nilifanya mwenyewe kwenye gereji za kukodi. Hizi ni sehemu nzuri sana ambazo wageni wengi hawazijui: unakodi lifti ya kunyanyulia gari na spana kwa saa, na mara nyingi kuna fundi anayezunguka ukikwama. Barabarani usijaribu, miji mingi hapa inakataza kutengeneza magari mtaani, na Jumapili ukigonga nyundo jirani atakuja mlangoni. Mjomba alikuwa kwenye simu ya video, nimeisimamisha juu ya boksi la spana. Mzee jirani alikuja pia, hakutaka kubaki nyumbani.

Jambo la kwanza ni kung'oa fyuzi ya mfumo wa upepo. Gari likiinuliwa kwenye lifti, sensa zinaona kimo kimebadilika na kompyuta inaweza kuanza kutoa au kujaza upepo wakati mikono yako iko mle ndani. Fyuzi nikaiweka mfukoni mwa shati ili nisiisahau.

Jambo la pili ni kutoa upepo uliobaki. Nati ya mrija inalegezwa robo robo, unasikia tssss, unangoja, unalegeza tena. Mjomba alirudia mara tatu kwamba nisiharakishe. "Upepo uliobanwa hauna huruma," alisema, naye anajua. Mrija ulipotoka, baluni likalegea, nikalichomoa juu kisha chini, likaanguka mikononi mwangu kama kiatu kikuukuu. Nililinyoosha ule mkunjo kwa vidole gumba. Mpira wote ulikuwa na magaga, magaga kabisa kama kisigino cha mkulima, mengine yamefika mpaka kwenye nyuzi. Gari likiwa limesimama, mkunjo unayaficha yote.

Baluni jipya linakuja limekunjwa. Ncha ya mrija wa plastiki niliikata upya kwa wembe, ikatwe sawasawa bila mshazari, nikafunga kiungio kipya. Nati yake ni ndogo, inataka kukazwa kwa vidole na spana kidogo tu. Ukikaza kwa hasira unaiharibu na upepo unatoka hapo hapo.

Halafu ndiyo sehemu inayoharibu kazi za watu wengi: usishushe gari juu ya mabaluni matupu. Mpira usio na upepo ukibebeshwa uzito unajikunja vibaya na kuchanika siku ya kwanza. Tulishusha lifti mpaka tairi zikagusa sakafu kidogo tu, uzito bado umeshikwa na lifti. Nikarudisha fyuzi, nikaunganisha gari na kompyuta mpakato kwa waya, nikaamuru kompresa ijaze upande mmoja mmoja. Mzee akashika futi. Alipima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, kushoto, kulia, kushoto tena. Alipima mara nne, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupima nguzo zinazozuia mwamba usimwangukie. Mwishoni akaonyesha vidole viwili vikiwa sambamba. Sawa kwa sawa.

"Puliza povu," mjomba akasema kutoka kwenye boksi.

Nikapuliza kila mahali. Maji ya sabuni yakateremka juu ya mpira mweusi, hakuna hata povu moja lililochipuka. Huko Tanga nikasikia mjomba akimwita mwanafunzi wake aje aone.

Kazi nzima ilichukua saa tatu na nusu, lifti euro 70. Tangu siku ile nimepiga alama ya chaki kwenye ukuta wa banda la mzee, usawa wa ukingo wa madigadi, na kila asubuhi kabla ya zamu naitazama. Wiki ya tano sasa. Juzi tulipakia sufuria tatu, majiko mawili na watu wanne kwenda harusi Düsseldorf. Kompresa ilinguruma sekunde chache tu tulipomaliza kupakia, ikanyamaza.

Baluni la kulia sijalitupa. Mjomba ameliomba. Anataka vijana wake walishike, walinyooshe mkunjo wake kwa mikono yao, waone mpira unafia wapi. Nimeliosha chumvi, nimelifunga kwenye gazeti. Mtu anayesafiri mwezi ujao kwenda Dar amekubali kulibeba, na kutoka hapo litapanda basi la Tanga, kwenye buti la basi linalotembelea upepo.