Paa la kuonea nyota

Mimi ni mtu wa Pangani. Nimeezeka makuti na marehemu baba tangu nikiwa na miaka 10, na kipimo chake cha fundi kilikuwa kimoja: masika yakipiga, ndani lisidondoke tone. Kwa hiyo mke wangu, ambaye ni Myahudi, aliponiambia mwaka huu kibanda cha Sukoti tukijenge wenyewe uani kwetu hapa Toronto, badala ya kwenda kwa wazazi wake, nilimjibu, paa niachie mimi.

Sukoti ndiyo Sikukuu ya Vibanda ya Mambo ya Walawi: siku 7 kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa Tishri wa kalenda ya Kiyahudi, kukumbuka walivyokaa Waisraeli jangwani walipotoka Misri. Mfungo wa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ukiisha zimebaki siku chache tu, na wengi hugongelea ubao wa kwanza usiku uleule. Nasi tulifanya hivyo, watoto wakinimulikia tochi.

Kuta ni mbao na turubai, hazikunisumbua. Paa sharti liwe la kitu kilichoota ardhini kikakatwa. Makuti Toronto utayatoa wapi? Nikanunua mabua ya mahindi kwa mkulima nje ya mji, nikayalaza juu ya fito safu kwa safu, kama nilivyofundishwa, hata jua likakosa pa kupenya. Niliridhika sana.

Baba mkwe alifika siku ya mkesha, mchana. Akaingia, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akanishika bega.

"Hii ni nyumba, mwanangu. Mvua haipiti hapa."

Akanieleza: kivuli kizidi jua, ndiyo, lakini mvua iweze kuingia, na usiku nyota zionekane. Mvua ikianza kuharibu chakula, mna ruhusa ya kuhamia ndani. Tukapanda ngazi pamoja, tukaanza kupunguza. Mikono yangu ilikuwa mizito. Kila bua nililolitoa niliona kama namkosea baba.

Jioni mke wangu aliwasha mishumaa, tukachovya mkate kwenye asali, tukala kabichi iliyoviringishiwa nyama, makoti mwilini. Ni desturi kuwakaribisha wageni wasioonekana, kila usiku mmoja, Ibrahimu akitangulia. Binti yangu akauliza kama babu wa Pangani naye anaweza kuja. Baba mkwe hakusema neno. Alivuta kiti kimoja, akakiweka karibu na mlango.

Baadaye mtoto alijilaza mapajani mwangu, akahesabu nyota tatu kati ya mabua.