Reale ya 1780 niliyoisugua kwa dawa ya meno

Niliiona sarafu hiyo ya fedha Makoroboi, sokoni Mwanza, kwenye sinia la mzee anayeuza pete na saa mbovu. Upande mmoja mama mnene mwenye ushungi, upande wa pili tai wa vichwa viwili, na mwaka: 1780! Alitaka elfu sitini. Nikamshusha hadi arobaini na tano, nikaondoka mbio asije akaghairi.

Nyumbani nikafanya ujinga unaoniuma mpaka leo: nikaisugua kwa dawa ya meno. Iling'aa, ndiyo, ila ule weusi uliotulia kwenye mikunjo ya ushungi ukaisha, ikabaki mikwaruzo.

Kesho yake nikaipeleka kwa sonara. Akaigeuza mara mbili tu. "Kijana, huyu Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki 1780. Tangu hapo wanaifua, yaani wanaitengeneza, tena na tena, mwaka uleule."

Nikanywea. Kumbe wafanyabiashara wa Uhabeshi na Bahari ya Shamu walishaizoea sura hiyo, hawakutaka nyingine, na wazee wa pwani yetu waliiita reale. Mwaka 1935 Austria iliwapa Waitalia vyuma vya kuifulia. Waingereza nao wakaanza kuifua London, baadaye Bombay. Hata herufi S.F. chini ya kifua, za maofisa wa mji wa Günzburg ilikofuliwa zamani, zinanakiliwa hadi leo.

"Basi nimepigwa?" nikauliza.

"Hujapigwa. Fedha ni fedha. Tuipime."

Mizani ikasoma gramu 28 na ushee, kama inavyotakiwa. Akaweka kikombe cha maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaifunga reale kwa uzi na kuining'iniza majini bila kugusa kitako. Ikasoma 2.8. Gawanya 28 kwa hiyo, unapata 10, yaani ni nzito mara kumi ya maji ya ujazo wake, na fedha ya asilimia 83 hucheza hapohapo. Kisha akanionyesha ukingo: maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Na kwenye kipini cha begani, lulu tisa. Nikazihesabu mwenyewe.

Kipimo hicho cha kikombe kimeniokoa mara moja. Jamaa aliyeshuka na meli ya Bukoba aliniletea nyingine, nzuri kuliko yangu. Gramu 24, majini 2.8: ukigawanya hupati hata 9. Nikamrudishia kwa adabu, akanuna.

Sasa ninazo tatu, kila moja na kikaratasi chake. Cha ile ya kwanza nimeandika: "Imefuliwa upya. Imesuguliwa na mwenyewe."