Kumbe tulikosa kasma

Mara ya kwanza kwenda halmashauri kuiombea sanaa fedha, nilibeba barua ya kurasa 11. Ilinichukua siku 9 kuiandika na niliisifu mwenyewe. Humo mlikuwa na vijana, ajira, umoja wa jamii, hata Mkataba wa UNESCO wa 2005, ule unaozitambulia nchi haki ya kuweka sera za kulinda na kukuza kazi za utamaduni wao. Kamati ya fedha ilinipa dakika 5. Nilipofika kwenye UNESCO hakuna aliyenyanyua uso. Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa dada, mnataka nini hasa?"

Nikajibu, "Tunataka sanaa ithaminiwe."

Wakaahidi kuithamini, nikatoka mikono mitupu.

Kikundi chetu cha maigizo na muziki kilikuwa na watu 23. Tulichokihitaji hasa kilikuwa kidogo mno: ukumbi wa umma ulifungwa jioni, saa ileile ambayo wengi wetu ndio kwanza tunatoka kazini. Lakini niliona aibu kutaja kitu kidogo namna hiyo mbele ya waheshimiwa, nikahubiri ustaarabu.

Aliyenifungua macho ni mhasibu mmoja mzee aliyekuwa kwenye kikao. Alinikuta kwenye ngazi. "Binti, umeongea vizuri," akaniambia, "lakini bajeti imeshapita. Na hata ungewahi, hiyo hela tungeiandika wapi? Hakuna kasma." Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua, kisha nikaenda kuuliza pembeni kasma ni nini.

Kasma ni kifungu chenye namba yake ndani ya bajeti, mahali ambapo matumizi ya aina fulani huandikwa. Kitu kisicho na kasma hakikataliwi, hakipo tu. Mhasibu anaweza kukupenda wewe na maigizo yako, lakini hawezi kukulipa, maana mkaguzi akija atamuuliza alitoa fedha kwenye fungu gani. Nikaomba kitabu cha bajeti nikakisoma jioni baada ya jioni, rula mkononi ili nisiruke mstari. Utamaduni ulikuwemo kwenye jina la idara, pamoja na michezo na vijana. Kwenye tarakimu haukuwemo. Fungu zima lilikwenda kwenye mashindano ya mpira. Sina ugomvi na mpira, ila watu wa mpira walikuwa wamewahi, na walikuja wakijua wanataka nyavu ngapi.

Jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa ni kalenda. Mapendekezo huanzia mezani kwa ofisa wa idara, miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha. Yakitoka hapo hupita kwa wataalamu, kisha kamati, na mwisho baraza zima. Wanaharakati wengi wa sanaa, mimi nikiwa wa kwanza, hujitokeza barazani na mabango wakati kila kitu kimeshakwisha. Kazi yenyewe iko kule mwanzo, kwa ofisa ambaye hakuna mtu anayemtembelea, siku anapojaza majedwali yake.

Kabla ya kumfikia huyo ofisa tuligombana wenyewe. Mwenzetu mmoja wa makamo alipinga kabisa. "Mtumai cha nduguye hufa maskini," alisema. Tena wakishatulipa watatuandikia na mchezo wa kuigiza. La kwanza nilimjibu upesi: hicho si cha ndugu, ni kodi yetu. La pili lilinikosesha usingizi, kwa sababu lina ushahidi. Marekani ilianzisha mradi wa serikali wa tamthilia mwaka 1935, wakati wa mdororo wa uchumi, ukaajiri maelfu ya wasanii. Mwaka 1938 mkurugenzi wake, Hallie Flanagan, aliitwa mbele ya kamati ya bunge, na mbunge mmoja akamuuliza kama Christopher Marlowe alikuwa mkomunisti. Marlowe alifariki mwaka 1593. Kicheko kilikuwepo, lakini mwaka uliofuata Bunge liliukatia mradi fedha ukafa. Ndiyo maana tuliandika kwenye ombi letu kwamba halmashauri itakagua hesabu na mahudhurio, si maneno ya mchezo. Uingereza wana desturi ya namna hiyo, iliyoanza na baraza la sanaa lililoundwa mwaka 1946: serikali hutoa fedha, baraza ndilo linaloamua nani apewe.

Mwaka wa pili tulikwenda na ukurasa mmoja: ukumbi jioni 2 kwa wiki, umeme wa jioni hizo, na usafiri wa kupeleka maonyesho shuleni. Kila kimoja na gharama yake na jina la atakayetoa hesabu. Tuliambatisha daftari la mahudhurio la miezi 8, limechakaa, lina madoa ya jasho. Nadhani daftari lile lilifanya kazi kuliko kurasa zangu zote 11. Kwaya na wachoraji walitia sahihi pamoja nasi, baada ya ubishi mrefu kuhusu jina la nani litangulie, ambao sitausimulia.

Diwani mmoja, mfanyabiashara, ndiye aliyenibana. Mwaka uliotangulia nilijigamba kwamba sanaa inaingiza fedha nyingi, naye hakusahau. "Kama inalipa hivyo, mnakuja kwetu kutafuta nini?"

Swali la haki kabisa. Nilikuwa nimeshapata jawabu lake kwa wachumi wawili, William Baumol na William Bowen, waliolichunguza suala hili Marekani miaka ya 1960. Kiwandani, mashine mpya humwezesha fundi kutoa bidhaa nyingi zaidi kwa saa ileile. Lakini muziki ulioandikwa kwa wapigaji 4 miaka 200 iliyopita bado unahitaji watu 4, na dakika zilezile. Mishahara ikipanda kwingineko, gharama ya jukwaani hupanda nayo bila jukwaa kuzalisha zaidi. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mchezo wetu ni wa saa moja na nusu. Nikitaka kuokoa muda, nimwondoe nani? Bibi harusi?" Akacheka. Sikutegemea kicheko kitoshe, nikamwalika aje mazoezini, si siku ya uzinduzi wenye viti vya mbele na hotuba. Alikuja jioni ya kawaida, wakati waigizaji bado wanasahau maneno. Tulifukuzwa ukumbini katikati ya onyesho la tatu kwa sababu mlinzi alitaka kufunga. Sikuwa nimelipanga hilo, naapa.

Kwenye kamati yeye ndiye aliyesema, mimi nilikaa nyuma kimya. Mjumbe mwingine alipouliza kama sanaa si anasa wakati hali ni ngumu, diwani aliwakumbusha, kutoka kwenye karatasi niliyompa, kwamba Waingereza waliunda lile baraza lao mara tu baada ya vita, chakula bado kikigawiwa kwa mgao.

Tulipata ukumbi na umeme. Usafiri ulikatwa. Jumla ikawa kama theluthi ya tulichoomba, na fungu la kwanza lilichelewa miezi 3, tukachangishana wenyewe kulipia taa. Mzee mhasibu alinionyesha ukurasa wenyewe, kidole chake kwenye namba ya kasma, nikainakili kiganjani kwa kalamu kama mtoto wa shule.

Mwenzetu aliyepinga sasa ndiye mtunza daftari, na ni mkali: ukichelewa dakika 10 hakuandiki. Wiki ijayo ofisa wa idara anaanza kujaza majedwali ya mwaka mpya. Tumeshapanga miadi naye, na safari hii ukurasa una jambo moja tu, usafiri.