Nyufa mbili zilizotaka kukutana

Nilikuwa mwanagenzi wa ufundi kwenye uwanja wa ndege wa Goma, kazi yangu kubwa kuosha vipuri na kushika tochi, ilipoletwa ndege ndogo moja aina ya Caravan ambayo pua zake za mafuta, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, zilikuwa na mashaka. Tulipozipima, mbili zilitoa mchirizi badala ya ukungu. Mzee aliyetufundisha akasema hapo lazima tuone ndani.

Injini ya Caravan ni PT6, ile ambayo hewa huingilia nyuma na moshi hutokea mbele. Tukafungua bolti za maungio ya katikati, tukaivuta nusu ya mbele kwa winchi, chemba ya mwako ikabaki wazi. Nilitarajia chuma kinene. Nikakuta bati jembamba la mviringo, limetobolewa kama chekecheke.

"Mzee, moto hautoki kwenye haya matundu?"

"Moto hautoki, mwanangu. Hewa ndiyo inaingia."

Akanieleza huku kidole chake kikifuata safu za matundu. Katikati ya mwali joto hufika kama nyuzi 2,000, na bati lile lingeyeyuka mbali kabla ya hapo. Linapona kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya hewa inayoungua na mafuta. Iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, hutambaa ukutani ikiukinga, kisha huchanganyika na gesi kuipoza kabla haijafika kwenye turbini, gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi hiyo. Pua ikitoa mchirizi, mwali hurefuka, hupenya ile hewa ya kinga na kulamba chuma.

Akaniambia nimulike sehemu iliyolambwa. Rangi ilikuwa imebadilika, bati limevimba, na kutoka matundu mawili jirani zilitoka nyufa mbili zinazoelekeana. Ufa mmoja mfupi huvumilika, kitabu cha matengenezo kina kipimo chake. Lakini nyufa zinazotaka kukutana zitamega kipande, na kipande kitakwenda kupiga turbini. Ndege ile ina injini moja tu, na kazi yake ilikuwa kuvuka msitu wa Walikale. Nilisisimka mwili.

Mwenye ndege alipiga simu mara kwa mara, abiria wake walikuwa wanangoja. Mzee alimjibu kwa upole uleule kila mara: "Patron, hii moteri hairuki." Chemba nyingine ikaagizwa.

Wakati tunaingoja nilimwomba anifundishe kupima pua mwenyewe. Akaniwekea zote 14 mezani, na hakuniruhusu kuifunga hata moja kabla sijamwonyesha ukungu wake umetawanyika sawasawa pande zote.