Nilifungwa kwa hatua nne

Binti yangu karudi na ubao wa chesi wa shule kaubana kwapani, na swali mdomoni. "Baba, mwalimu anasema wanaojua chesi ndio wanaoweza kompyuta. Wewe mbona hujui?"

Mama yake akacheka huko jikoni. Kisa anakijua.

Usaili wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, 2012, Kinondoni, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Kwenye wasifu, pale pa mambo ninayopenda, nilikuwa nimeandika chesi. Mimi mtu wa drafti ya vizibo vya soda. Chesi nilijua kila kete inavyotembea, basi. Nani angenipima?

Bosi akavuta droo, akatoa ubao. "Tuchangamshe damu kidogo, kijana."

Akachukua nyeupe. Askari wa mbele ya mfalme, nami vilevile. Malkia wake akatoka mbio hadi ukingoni, kushoto kwangu. Nikatoa farasi kumlinda askari wangu. Akaleta askofu. Pangaboi lilikuwa linalialia juu yetu, nami namtazama yule malkia nikijisemea: huyu kajileta mwenyewe! Nikamshika farasi wa pili, sikio lake moja limemegeka, nikamtua pale anapomtishia. Tak! Kama mtu anayekula vizibo vitatu kwa mpigo.

Bosi hata macho hakuinua. Alimsukuma malkia kwa kidole kimoja, akamla askari aliyembana mfalme wangu ubavuni. Nikanyoosha mkono nimle. Mkono ukabaki hewani. Askofu alikuwa anamlinda kutoka kule mbali, kwa mshazari uliokuwa wazi muda wote.

"Chekmeti," akasema, kwa upole wa daktari. Mfalme wangu hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha.

Kisha akanipa karatasi yenye programu ya kujumlisha malipo, ina kosa. Hapo sikuhitaji hata dakika. Malipo kumi, yanahesabiwa kuanzia 0, na programu inazunguka hadi 10 nayo ikiwemo: mara kumi na moja. Lilinirukia machoni lenyewe. Baadaye sana nilisoma jaribio la Chase na Simon, Marekani, 1973: bingwa wa chesi akioneshwa mchezo halisi kwa sekunde 5 anakumbuka zilipokaa kete nyingi kuliko mgeni, ila zikitupwa ovyo ubaoni, anababaika kama mimi. Basi pengine ni macho tu, na macho yangu yalikuwa yamelelewa kwingine.

Kazi nilipata. Aliyenifuata siku ile alitoka sare na bosi, naye akaajiriwa, na kwa programu alikuwa fundi kunishinda, kwa hiyo mwalimu labda ana hoja. Ila bosi mwenyewe hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Binti kashapanga kete. Kaanza yeye, na malkia wake huyo, ukingoni. Safari hii farasi simgusi. Nasogeza askari kumfukuza, taratibu.

Anamla askari wangu wa katikati. "Cheki," anasema, kamtishia mfalme wangu, na jicho lake liko tayari kwenye ngome yangu ya pembeni.